Nilikodi maturubai ya msiba, nikajibiwa na roboti

Kama una harusi na muda wa kutosha wa kujipanga, kodi kwa hawa wakodishaji wa maturubai, pengine mtaelewana. Kama una msiba, wapite mbali.

Masika yaliyopita tulifiwa na mama mkubwa, Mbagala. Alifariki alfajiri, maziko yakapangwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Ndugu waligawana kazi, mimi nikaangukiwa na maturubai, viti na majamvi. Mzee wa mtaani tuliyemzoea, vitu vyake vyote vilikuwa kwenye shughuli nyingine, nikaelekezwa kampuni moja ya mjini ambayo siku hizi wateja wake wanahudumiwa na akili mnemba kwenye WhatsApp.

Nikaandika: "Tuna msiba Mbagala, naomba maturubai mawili, viti mia na majamvi, leo kabla ya saa saba." Jibu likaja hapohapo: "Hongera kwa shughuli yako! Ungependa mapambo ya rangi gani?" Nikarudia kwamba ni msiba. Ikanitumia picha za meza kuu na maua. Sikuwa na nguvu za kubishana, nikachagua kifurushi na kulipa kwa lipa namba, pamoja na hela ya dhamana. Kwenye pesa haikukosea, risiti ilifika papo hapo.

Saa saba ikafika. "Mzigo wako uko njiani." Mvua ikaanza kudondoka, wazee wamekaa kwenye matofali, kina mama wamebanana barazani. "Mzigo wako uko njiani." Nikapiga simu mpaka nikampata binadamu, dada wa huduma kwa wateja.

"Kaka, mfumo unaonyesha mzigo umeshafika."

Nikamwambia, dada yangu, nimesimama hapa uani, hakuna turubai, maiti iko ndani. Akanijibu mfumo ndio unaonyesha hivyo, niandike tena WhatsApp. Akakata. Hakuniambia pole! Hata konda wa daladala ukimwambia unawahi msibani atakupa pole kabla ya kudai nauli. Roboti haina mama, sikuidai huruma. Huyu dada nilimdai, na bado namdai.

Gari liliingia mtaani saa kumi na moja jioni, tumeshatoka makaburini.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana dereva. Akateremka, akavua kofia, akasema, "Poleni sana, Mungu awape subira." Yeye na kijana wake wakapiga vigingi kwenye tope, wakauliza kina mama wanalala wapi, wakafunga turubai la pili upande huo, na wakainamisha bomba za mbele ili maji yamwagikie barabarani badala ya mlangoni. Hakuna aliyewaagiza. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa ile mashine hutuma ujumbe wa "uko njiani" malipo yakiingia tu, kisha saa ya ahadi ikipita inaandika umefika. Gari lenyewe haijui liko wapi. Kwa ajili ya wale wawili nilikuwa tayari kuisamehe kampuni nzima, hata nyota nne ningewapa.

Siku ya tatu, baada ya kuanua matanga, dereva akaja kuchukua vitu vyake, saa ileile ya kumi na moja. Usiku ukaingia ujumbe: dhamana yangu imekatwa, nimechelewesha kurudisha. Imehesabu kuanzia saa saba, saa ambayo hakuna hata kiti kimoja kilichokuwa kwetu! Nikapiga simu. Mfumo umeshakata, kaka, hatuwezi kuubadilisha.

Hatuwezi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomwathiri kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Nimewaandikia barua ya karatasi nikiwataka wauangalie upya uamuzi wao, na nimeipeleka kwa mkono ofisini. Nyota nne nimezifuta, wanabaki na moja, na hiyo ni ya dereva.

Nataka dhamana yangu irudi. Na huko ofisini nataka nikaribishwe kiti na mtu, nimtajie saa gari lilipofika, aiandike.