Miezi 14 na Honda XL125 kwenye miombo ya Sikonge

Mizinga yangu ya nyuki iko kusini ya Ipole, ndani kabisa ya msitu, na kwa miaka mitatu nilikuwa naifuata kwa pikipiki ya kawaida, zile zinazopiga bodaboda mjini. Kwenye lami ya Tabora mpaka Sikonge, kama kilomita 70 hivi, sikuwa na lawama nayo. Shida ilianza nikishaacha barabara. Kwanza mchanga mwepesi, halafu visiki vya miti ya mtundu vilivyofunikwa na majani, halafu mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na wakati wa mvua unashika tairi kama ugali wa muhogo unavyoshika vidole. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kurina, aliniona siku moja nimelowa tope mpaka kifuani. Akasema, "Mjomba, hiyo inakubeba mpaka mbugani tu. Pale unaanza kuibeba wewe."

Nikaanza kutafuta pikipiki ya porini. Sikutafuta nguvu. Msituni mara nyingi uko giya ya kwanza na ya pili, na injini ya cc 125 inatosha na kubaki. Nilichokuwa nakitaka ni gurudumu kubwa la mbele na uzito ambao mtu mmoja anaweza kuunyanyua peke yake ikianguka. Pikipiki nyingi za bodaboda zina gurudumu la mbele la inchi 17 au 18. XL125 ina la 21 mbele na 18 nyuma. Ukilisikia tu unaweza kudhani ni jambo dogo. Gurudumu kubwa linaupanda mzizi au ukingo wa shimo pale ambapo dogo linatumbukia na kukurusha mbele. Hilo ndilo linaloamua kama mkono wako utafika salama jioni.

Yamaha DT125 nayo niliijaribu na niliipenda: nyepesi, inavuta haraka. Lakini injini yake ni ya mipigo miwili, inachoma oili yake maalumu pamoja na petroli, na huko ninakokwenda petroli yenyewe naipata ya chupa dukani. Oili ya injini za kawaida ipo kila kijiji. Ndiyo sababu nikabaki na XL.

Niliyoipata ilikuwa imetumika, kutoka kwa mtu aliyeinunua mnadani. Nilimwomba asiiwashe kabla sijafika. Nilipofika nikagusa injini, ya moto. Sikusema kitu, nikarudi asubuhi ya siku iliyofuata bila kumwarifu, nione inavyowaka ikiwa baridi. Ilihitaji kiki tisa. Tuliinyanyua gurudumu la mbele likawa hewani, nikaitikisa, beringi za usukani zikagonga. Shokapu za mbele zilikuwa zinavuja, cheni ilikuwa imeshavutwa mpaka mwisho, na chini ya keria kulikuwa na ufa uliopakwa rangi juu. Alianzia 3,200,000, tukamalizana kwa 2,650,000, na sikumpa hata senti kabla ya kadi ya pikipiki kubadilishwa jina TRA, mamlaka ya mapato. Kadi ilikuwa bado ina jina la mmiliki wa kwanza kabisa. Mtu akikuambia utabadilisha baadaye, iache hiyo pikipiki.

Matengenezo yalinichukua wiki mbili na kama 480,000, kwa fundi wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, ambaye ana subira kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tulianza na shokapu. Za mbele tulibadilisha sili na kumwaga oili ya zamani, ilitoka kama maji ya kufulia. Tukaweka nzito kidogo, na juu ya kila springi tukaongeza kipande cha bomba cha sentimita mbili ili isilale mapema. Za nyuma zina pete ya kukaza springi. Nikiwa sina mzigo naiacha chini. Nikirudi na asali naipandisha, kwa sababu ndoo ya lita 20 ikijaa asali ni kilo 28, si 20 kama maji, na nabeba ndoo mbili. Safari ya kwanza nilisahau kupandisha. Nyuma ilizama, mbele ikawa nyepesi, na usukani ukawa unaelea kwenye mchanga. Nilianguka mara mbili kabla sijaelewa tatizo liko wapi.

Sproketi ndogo ya mbele tuliipunguza jino moja, ambayo ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Kwenye lami sasa injini inapiga kelele nikifika 70. Msituni ninaweza kutembea mwendo wa mtu kwa miguu bila kuichosha klachi, na kwangu hilo lina thamani zaidi.

Kuna marekebisho hayakugharimu chochote na ndiyo yaliyonisaidia kuliko yote. Kwenye njia mbaya unaendesha umesimama, magoti yamelegea, kwa hiyo liva za klachi na breki tuliziinamisha ziufuate mkono wa mtu aliyesimama. Skrubu zake hatukuzikaza sana: ikianguka, liva inazunguka badala ya kukatika. Upepo wa tairi nao. Barabarani natembelea psi 24, nikifika Ipole natoa mpaka 16. Chini ya hapo tyubu inabanwa kati ya rimu na kisiki, inapasuka matundu mawili kwa mpigo. Pampu ya mkono imefungwa kwenye fremu muda wote.

Chini ya injini tulichomelea bamba, likaachiwa tundu la kumwagia oili na matundu madogo ya tope kutoka. Kinga za mikono nilikata kwenye dumu. Waya wa akiba wa klachi umelazwa sambamba na unaotumika, hivyo ukikatika nahamisha ncha tu. Filta ya hewa ni ya sponji: naiosha kwa sabuni kila nikirudi, ikikauka naipaka oili na kuikamua. Vumbi la Sikonge ukilipuuza kwa mwezi mmoja unaanza kununua pistoni.

Ndorobo, yaani mbung'o, sikuwa nimewafikiria kabisa. Wanafuata kitu kinachotembea, na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mimi nilikuwa navaa jaketi la bluu. Tangu nihamie kwenye khaki wanaoniuma wamepungua sana, na ninayaandika haya kwa sababu malale si ugonjwa wa hadithi kwa watu wa upande wetu.

Na moto. Kuanzia Juni nyasi zimekauka, na ekzosi ya moto ikigusa nyasi zilizokwama chini ya pikipiki inatosha kuwasha msitu. Nasimama, nazing'oa kwa mkono, naegesha penye udongo mtupu. Pikipiki naiacha mbali na mizinga, karibu mita 200, kwa sababu nyuki wetu hawapendi mtikisiko wa injini.

Ugumu wake upo. Tairi na tyubu za 21 hapa Tabora ni za kubahatisha. Zangu zinatoka Kariakoo kwa basi. Kwa hiyo nabeba tyubu moja ya 21 tu, maana kwa dharura inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la 18, ikikunjwa kidogo. Siku moja hata hiyo ilipasuka, nikajaza tairi nyasi, nikazishindilia kwa mti, nikatoka kilomita 11 polepole. Kiti ni kirefu. Mwenye miguu mifupi aijaribu kwanza akiwa na mzigo. Breki ni za ngoma, na ukivuka maji zinasahau kazi mpaka uzikanyage kidogo kidogo zikauke.

Mwezi wa sita nilileta ndoo 22, safari 11, na sikuwahi kuiacha pikipiki porini hata usiku mmoja. Enzi za ile ya bodaboda niliiacha mara nne. Kuna mtu kanipa 3,000,000 nimuuzie. Nimemwambia asubiri nipate nyingine kama hii, na fundi ameshaelezwa aniangalizie, shokapu nitazikagua mwenyewe.