Filta ya koni kwenye Forester turbo: nimefunga, nimefungua

Nina Subaru Forester ya 2004, turbo, lita 2.0, na kila Ijumaa jioni nashuka nalo Moshi kwa mama. Mwaka jana lilianza kuchoka. Halikuzima wala kutetemeka, ila ukikanyaga moto linafikiria kwanza. Kwenye kile kilima cha kutoka daraja la Kikavu, Noah iliyojaa abiria hadi mlangoni ilinipita. Dereva akapiga honi, nadhani ya pole.

Duka moja la spea hapa Arusha wakaniuzia dawa: filta ya hewa ya umbo la koni na bomba pana la alumini, 350,000 pamoja na kufunga. "Bosi, injini ni mapafu, ipe hewa." Hoja yenyewe si ya uongo. Mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Turbo, ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini, hufidia, lakini kwa kuzunguka zaidi, kwa hiyo njia ya hewa ikibana huku juu utaijua mapema. Boksi jeusi la kiwandani linalobeba filta wakalitupia kwenye buti, na nashukuru sikuliacha pale.

Sauti tamu, sitadanganya. Ukikanyaga unasikia turbo linavyovuta pumzi, ukiachia linapiga mluzi. Wiki nzima nilitembea vioo chini, vumbi la Kisongo nikalila lote, na nikaapa kwa washikaji kwamba gari limekuwa jipya.

Kilichoniumbua ni kidude changu cha kuchomeka chini ya usukani, kile kinachotuma namba za kompyuta ya gari kwenye simu. Nikiwa kwenye foleni Mianzini, nje nyuzi 24, hewa inayoingia kwenye injini ilisoma nyuzi 61. Koni imekaa wazi ndani ya boneti, inavuta hewa iliyopikwa na turbo na rejeta. Hewa ya joto hilo ni nyepesi kwa asilimia kama 11 kuliko ya nje. Yaani nililipa laki tatu na nusu nipate hewa pungufu. Barabarani ilishuka hadi 38, bado mbaya kuliko boksi la zamani, ambalo mdomo wake uko mbele na unakunywa hewa ya nje. (Na kwa wanaobisha: lile tundu la kwenye boneti ya Subaru si pua ya injini. Linapuliza intakula, kile kipoozeo cha hewa iliyotoka kwenye turbo, basi.)

Baadaye taa ya injini ikawaka, P0171, mchanganyiko una mafuta kidogo. Sensa inayopima hewa inayoingia imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukiihamishia kwenye bomba pana, hewa inapita mbele yake taratibu, inahesabu pungufu, na mafuta yanamwagwa pungufu. Kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 22 ili kufidia. Kwenye turbo, mafuta pungufu wakati linasukuma hewa kwa nguvu ndiyo yanayotoboa pistoni.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa Majengo, Moshi, mzee asiye na haraka. Alirudisha kwanza boksi na bomba la kiwandani. Ile asilimia 22 ikashuka hadi 14 ikagoma. Akasema bado kuna hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Akachukua mfuniko wa kopo la rangi uliotobolewa na kuvalishwa valvu ya tairi la tubeless, akauziba nao mdomo wa hozi kwa klipu, akasukuma upepo wa kompresa kidogo kidogo, halafu akamwagia povu la Omo kila kiungo. Juu kote kimya. Akainama, akaniita: "Baba, sikiliza." Chini kabisa, hozi ya kuingilia turbo inakopita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye injini), povu lilikuwa linachemka. Ufa wa urefu wa kidole, upande wa chini usioonekana mpaka ung'oe manifoldi. "Gari mbavu imepasuka, wewe umelinunulia pua."

Hozi ya silikoni niliagiza Dar, ikaja na basi, 220,000. Ufundi 120,000, siku nzima, maana kufikia hozi hiyo ni kung'oa nusu ya juu ya injini. Filta mpya ya karatasi 35,000. Yeye mwenyewe akaona sponji inayoziba kati ya boneti na intakula imeliwa, upepo unapotelea pembeni, akakata nyingine kwenye godoro chakavu, bure.

Sasa ile asilimia iko 3. Kikavu napanda na gia ya nne, na mafuta ya Arusha hadi Moshi yamerudi yalipokuwa nilipolinunua. Gari haliruki kama jipya. Ni nguvu ileile ya kiwandani niliyokuwa naivujisha. Kama lako limechoka, lipimwe uvujaji kwanza, kazi ya saa moja, kabla hujafungua pochi dukani. Koni nimeitupa stoo, inang'aa bado. Mke wangu anauliza kwa nini siiuzi. Sijamwambia kwamba ule mluzi naukosa.