Uzoefu wangu na DVD ya The Map ya Tan Dun

Kilichonifanya niitafute DVD hii ni zumari. Mimi mtu wa pwani, zumari naijua ya ngomani, na niliposikia kwamba Wachina nao wana suona, ya ukoo mmoja na yetu (zote zimetokana na zumari za Uajemi na nchi za Kiarabu), nikataka kujua inakuwaje ikikutana na okestra kubwa.

Mtunzi ni Tan Dun, mzaliwa wa jimbo la Hunan, China, yule aliyepata Oscar mwaka 2001 kwa muziki wa filamu. Kazi hii ni ya selo (fidla kubwa ya sauti nzito), okestra na video. Ilipigwa mara ya kwanza Boston mwaka 2003, Yo-Yo Ma akiwa kwenye selo. Mwaka huohuo mtunzi akaipeleka Fenghuang, magharibi ya Hunan, kwa wenyewe, makabila ya Wamiao, Wadong na Watujia, na onyesho hilo ndilo lililotolewa kwenye DVD na kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon: Okestra ya Simfoni ya Shanghai, Anssi Karttunen kwenye selo, Tan Dun mwenyewe akiongoza.

Suona imepewa kipande kimoja tu. Nilikuja kwa ajili yake na nikabaki na njaa, nasema kweli.

Lakini fika kwenye feige. Huo ni wimbo wa milimani wa kupokezana, mtu anaimba huku, mwenzake anajibu ng'ambo. Hapa mwanamke wa Kimiao anaimba kwenye skrini, na anayempokea ni selo iliyo jukwaani. Inateleza juu ya nyuzi, inalia, inamsubiri amalize ndipo ijibu. Anayependa fidla ya taarabu ataielewa mara moja. Naupenda sana utunzi wa fidla na okestra uitwao Butterfly Lovers, wa 1959, ila mule nyimbo za opera ya Kichina zimevishwa suti ya Kizungu ikakaa vizuri mno. Hapa mwanamke yule anaimba kama alivyozoea, na okestra ndiyo inayohangaika kumfuata.

Kuna pia sehemu ya mawe. Mwaka 1981 Tan Dun alikutana kijijini na mzee aliyepiga mawe na kuzungumza na mizimu. Aliporudi mwaka 1999 mzee alikwishafariki na ufundi wake ukaenda naye. Mawe yanayogongwa jukwaani yanamlilia huyo. Ukijua kisa hicho, huwezi kuyasikiliza kijuujuu.

Mwanzo wa kazi hii, ngoma ya mizimu, ni mgumu kwa asiyezoea. Mke wangu aliondoka sebuleni. Na usiisikilize kwa spika ya simu, selo ikishuka chini hutaambulia kitu. Tafuta spika nzuri, na uangalie picha pia: sauti peke yake itakuficha nani anamjibu nani.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zumari.