Mtembezaji wa msikiti wa kale Kizimkazi Dimbani, mfateni huyu

Assalaam alaykum jamani. Huyu kijana jina simtaji kwa vile sikumuomba ruhusa, ila ukishuka daladala Dimbani, huku kusini mwa Unguja, ukauliza tu yule anaetembeza watu msikitini utapelekwa mpaka mlangoni kwao.

Mwaka jana niliwapeleka wageni wangu kwa safari ya kununua mjini, ile ya pomboo asubuhi na msikiti baadae, pomboo tukafukuzana nao masaa mawili, msikitini dakika kumi, mtembezaji mwenyewe hata ndani hakuingia, kasimama mlangoni "huu wa mwaka 1107, haya twendeni chakula kinapoa". Iliniuma wallahi. Jengo ukilitazama kwa nje ni la kawaida tu, paa la mabati, mgeni asipoelezwa anaondoka hajaona kitu.

Safari hii nikaenda mwenyewe na watoto wawili wa dada yangu. Kijana kwanza katwambia tutie udhu tusali rakaa mbili, "huu msikiti unasaliwa sheikh wangu, si makumbusho". Tulipomaliza karejesha madirisha, kukawa na giza kidogo, akawasha tochi ya simu akaiweka ubavuni kabisa karibu na ukuta, si kwa mbele, na hapo hapo zile herufi zikainuka! Maandishi ya Kikufi, ile hati ya Kiarabu ya zamani, yamechongwa kwenye matumbawe, ncha za herufi zinachipua kama majani ya mti, na katikati ya chipukizi unaviona vile vitobo vidogo vidogo vya tumbawe lenyewe. Katusomea taratibu mpaka kwenye tarehe, mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 500 Hijria, ndio hiyo 1107 ya miladi. Wataalamu wanaufananisha uchongaji huu na wa Siraf kule Uajemi, lakini jiwe ni la bahari zetu hizi, na alivotueleza ni kwamba tumbawe likitolewa baharini bado bichi linakatika kama muhogo, likishakauka juani ndio linakuwa gumu, kwa hivo fundi hana muda wa kuchelewa.

Mkubwa akataka kugusa, kijana kamshika mkono kwa upole, "mdogo wangu tazama kwa macho, mikono ina jasho". Nilimpenda hapo.

Halafu ndio ikaja sehemu ambayo ule mwaka jana hatukuambiwa kabisa. Ukuta mwingi tunaouona ni wa karne ya 18, msikiti ulijengwa upya, ila hao waliojenga hawakuyatupa mawe ya zamani, maandishi na nguzo ndogo za matumbawe wakazirejesha ndani ya jengo jipya. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, kumbe jiwe limeuzidi umri ukuta wake?" Ndio mwanangu.

Mie nimewahi kusoma Scotland, na kuna mara tulipelekwa kijiji kinaitwa Ruthwell kuona msalaba wa mawe wa karne ya 8, urefu kama mita 5 na nusu, pembeni umechongwa shairi la Kiingereza cha kale kwa herufi za runi (herufi za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya) ambapo msalaba wenyewe ndio unaongea. Ule mwaka 1642 Wakristo wenzao waliokuwa hawataki sanamu waliuvunja vipande, mpaka mchungaji mmoja Henry Duncan (huyu huyu ndie alieanzisha benki ya akiba ya wanakijiji mwaka 1810) akavikusanya akausimamisha tena 1823, mikono ya msalaba haikupatikana ikabidi achongeshe mipya. 1887 ukaingizwa kanisani, na ni mrefu hata sakafu ilichimbwa shimo ndio ukaenea. Nilisimama pale nikaona maungio ya vipande kama makovu. Dimbani sikuona kovu la aina hiyo, kwa sababu hapa waliolihamisha jiwe walikuwa wanaliheshimu tangu mwanzo, na nilipomwambia kijana habari hii alikaa chini akaniuliza maswali zaidi ya niliyomuuliza mie.

Ya kurekebisha yapo. Makaburi ya nje kayapitia haraka sana na pale pana mengi ya kusema, halafu bei hakusema mwanzo, mwisho nikampa elfu thalathini kwa watu watatu akaridhika, lakini ingekuwa bora ajulishe mapema maana mwengine ataona tabu kuuliza. Choo pia muulize kabla hamjaanza.

Ijumaa msiende saa sita mpaka saa nane. Vaeni nguo za heshima, kinamama mtandio, na mkitoka tieni chochote kwenye sanduku la msikiti, mabati yale yanataka mtu wa kuyatazama. Nyota tano nampa nne, ya tano namuwekea makaburi. Mie baada ya Idi nnarudi na baba, na tochi kubwa nnachukua.