Chiti za kulipia kwenye magemu ya onlaini: nyota moja, na hiyo moja ni ya kastoma kea

Wakuu, leo narivyu kitu ambacho wanunuzi wake wapo kibao ila hakuna anayekisema hadharani. Sitaji chiti fulani kwa jina, naongelea bidhaa yenyewe, programu za kudanganyia kwenye gemu, maana karibu zote zinauzwa mtindo mmoja: unalipia kwa siku, wiki au mwezi, unatumiwa namba za siri za kufungulia, unaunganishwa kwenye grupu la muuzaji kule Discord (programu ya kuchati) na huko kuna alama ya kijani kama chiti haijanaswa, nyekundu kama imenaswa, ukiona nyekundu usiingie nayo kabisa. Mi sijanunua. Ila nimekaa pembeni ya mshkaji wangu akiwa ameiwasha kwenye gemu moja ya kupigana risasi, nikaiangalia mechi mwanzo mwisho.

Kwenye skrini yake kila adui amezungushiwa kiboksi chekundu hata akiwa nyuma ya kuta tatu, juu yake jina, damu iliyobaki na umbali kwa mita. Hiyo ndo wolhaki. Halafu kuna aimboti, inayokulengea shabaha yenyewe, na hapa ndo nilishangaa, kwa sababu ukifungua menyu yake sehemu kubwa ni vitu vya kukufanya uonekane mbovu: punguza kasi ya shabaha, ikose risasi kadhaa, isilenge kichwa kila mara, ichelewe kidogo kama mtu wa kawaida. Yaani jamaa kalipa hela ili awe mkali halafu muda wote anahangaika kuigiza kuwa sio mkali sana. Akimwona adui ukutani anageuza macho makusudi, anapita kama hajaona kitu, anajikausha. Nikamuuliza sasa unafurahia nini hapo, akasema we acha tu, wote wanachiti.

Na hilo neno "wote" ndo linalouza hii bidhaa kuliko tangazo lolote. Ukipigwa na mtu usiyemwona mara mbili tatu hujui kama ni mkali kweli au ana chiti, na ukishaamini mechi nzima wanachiti basi we kununua huoni kama ni wizi, unaona unasawazisha tu. Wapo wengine wanaonunua sababu ya renki, gemu inakudai masaa na masaa kupanda ngazi moja na mtu ana kazi na watoto, wapo wanaopandisha akaunti za watu kwa malipo hao kwao ni biashara, na wapo wa kuudhi watu tu, hao hata kujificha hawajifichi wanazunguka kama pia na kila risasi kichwani. Ila hao wa mwisho wachache kuliko tunavyodhani, wengi ni waoga kama mshkaji wangu.

Kuhusu ufanisi, wolhaki inafanya kazi kwa sababu rahisi sana, ili gemu imchore adui haraka anapotokea kona lazima mashine yako iwe imeshapewa alipo, chiti inasoma tu kilichopo kwenye memori. Ndo maana gemu ya VALORANT seva yake inakufichia adui aliye mbali na macho yako, na Vanguard, programu yao ya kunasa chiti, tangu 2020 inawaka pamoja na Windows, ndani kabisa kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo. Wauzaji nao hawajalala, wakaja na kadi unayochomeka kwenye kompyuta ikasome memori halafu kompyuta ya pili ndo inakuonyesha maadui. Kompyuta mbili ili kushinda gemu ya bure, aisee.

Uimara wake ndo sifuri. Ile kijani haimaanishi uko salama, kampuni za magemu mara nyingi zinakunasa leo zinakaa kimya, bani, yaani kufungiwa akaunti, inakuja baadaye kwa mkupuo ili muuzaji asijue kosa lilikuwa wapi, na we muda wote huo unaendelea kulipia. Kampuni ya Valve mwaka 2023 kwenye gemu yao ya Dota 2 waliweka mtego, sehemu ya data ambayo gemu ya kawaida haiigusi kabisa, wanaoigusa ni chiti tu, wakalimwa bani akaunti zaidi ya 40,000. Na kuna yule mchezaji wa timu ya OpTic India kwenye mashindano ya gemu ya Counter-Strike kule Shanghai 2018, faili la chiti kaliita word.exe, kana kwamba yuko pale anaandika barua, refa kafika kwenye kompyuta yake jamaa anahangaika kulifuta. Timu nzima ikatolewa.

Usalama ndo usiseme. Maelekezo ya kwanza ni zima antivairasi, ya pili endesha kama admini, na hii programu imetengenezwa na mtu usiyemjua ambaye kazi yake ni kudanganya mashine. Weka nywila zako za benki humo uone.

Kastoma kea sasa, hapo nawapa haki yao. Gemu ikipata apdeti asubuhi, jioni chiti imesharekebishwa, ukiuliza swali usiku unajibiwa, tena kwa adabu. Kampuni ya gemu yenyewe ukiripoti mtu unapata ujumbe wa roboti asante kwa ripoti yako, basi.

Ila kabla hujaingiza hela soma sera yao ya kurudishiwa. Ukilimwa bani, imekula kwako.