Jeli ya benzoyl peroxide 5% kwa vishimo na harufu ya nyayo: alama 4 kati ya 5

Famasia huiweka kwenye rafu ya dawa za chunusi, ndiyo maana mwenye nyayo zenye vishimo huipita akaondoka na krimu ya fangasi au, mbaya zaidi, ile iliyochanganywa na steroidi. Ugonjwa huu ni wa bakteria. Miguu ikishinda na jasho ndani ya gambuti au buti za ulinzi, bakteria kama Kytococcus sedentarius hutoa vimeng'enya vinavyokula ngozi ngumu ya unyayo. Hubaki vishimo, vingi vya milimita 1 hadi 3, kisiginoni na chini ya vidole, na harufu kali. Loweka mguu kidogo utaviona: ngozi hugeuka nyeupe na vishimo hujichora.

Jeli hii huachia oksijeni inayoua bakteria hao, nao hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Kwa hiyo sisi tunaanza nayo kabla ya klindamaisini, antibiotiki ya kupaka.

Osha miguu kwa sabuni, kausha hadi katikati ya vidole, kisha paka utando mwembamba. Kiasi cha punje moja ya harage chatosha unyayo mmoja. Siku za kwanza paka usiku tu, halafu asubuhi na usiku. Acha ikauke kabisa kabla ya kuvaa soksi. Harufu hutangulia kupungua. Vishimo huchukua wiki 3 hadi 4. Ya 10% huwasha zaidi, hasa katikati ya vidole, kwa hiyo chukua ya 5%.

Alama moja tumeikata kwa sababu mbili. Kwanza, inachujua rangi ya nguo: tumia soksi na taulo nyeupe, na mashuka ya rangi yaweke mbali. Pili, haizuii jasho. Anayerudia buti mbichi kila asubuhi atapona na kuugua tena. Awe na jozi mbili za kubadilishana, kila moja ipate saa 24 za kukauka, insoli (soli za ndani) zikiwa nje. Soksi abadilishe mchana zikilowa. Jasho likizidi, dawa ya aluminiamu kloridi 20% ipakwe usiku kwenye ngozi kavu isiyo na michubuko.

Mguu ukivimba, ukawa wa moto, ukatoa usaha, au wekundu ukipanda, acha jeli nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari aanzie huko hata kama ni vishimo tu.