Tahadhari kwa wazamiaji: anayewauzia mikanda ya saidimaunti kwa WhatsApp anatuma mfuko wa hewa wa bandia

Ndugu zangu wazamiaji, naandika haya kwa hasira ambayo siku tisa hazijaipunguza, na kwa aibu iliyonifanya ninyamaze siku hizo zote. Nimetapeliwa mimi, ambaye kwa miaka kumi na moja hapa Nungwi kazi yangu imekuwa kukagua vifaa vya watu kabla hawajaruka kutoka kwenye boti. Kuna mtu anayedai kuwa yuko Dar es Salaam, anauza mikanda ya saidimaunti, yaani ya kubebea mitungi ya hewa ubavuni, kwa njia ya WhatsApp, na kitu anachokuonyesha kwenye simu sicho anachokutumia. Alichonitumia kingeweza kuniua, na kwa kuwa najua ameshawauzia wengine, sioni haki ya kuendelea kuficha aibu yangu.

Sababu iliyonifanya niitafute mikanda hiyo wengi wenu mnaijua, na habari ya mgongo wangu sitairudia. Wasionijua watosheke na hili: nilihitaji kubeba mitungi ubavuni, mmoja kila upande, ili niivalie nikiwa tayari naelea majini badala ya kuinuka nayo mgongoni kutoka kwenye benchi la boti. Mikanda mipya kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana, ukijumlisha nauli ya mzigo na ushuru, ilinishinda. Huyu alitaka shilingi 780,000 kwa seti kamili yenye mfuko wake wa hewa, ule unaomwinua mzamiaji majini, na akasema haijawahi kuguswa na maji ya chumvi.

Nataka mwelewe kwa nini nilimwamini, kwa sababu najua wapo watakaosema nilifumbwa macho na bei. Mtu yule aliongea kama mzamiaji. Kabla hata sijauliza, alinitaka nijipime kutoka begani hadi nyongani na kuzunguka kiuno. Akaniuliza kama mitungi yangu ni ya alumini au ya chuma, kisha akanieleza mwenyewe, bila kusitasita, kwamba mtungi wa alumini unapokaribia kuisha hewa kitako chake huanza kuinuka, na kwa hiyo kulabu ya chini lazima ihamishwe kutoka nyuma ya nyonga na kuletwa kwenye pete ya mbele ya kiuno ili mtungi ubaki sambamba na mwili. Hilo si jambo linalojulikana na muuza mitumba. Nilipolisikia, nusu ya mashaka yangu iliondoka.

Nusu iliyobaki aliiondoa Jumatano usiku. Nilikuwa nimetoka kuswali Isha, nimekaa barazani, akanipigia simu ya video. Alikuwa ameitandaza mikanda juu ya shuka jeupe, akaipitisha mbele ya kamera mmoja baada ya mwingine: wa bega la kulia, wa bega la kushoto, wa kiuno, wa kupita katikati ya mapaja. Akaujaza ule mfuko wa hewa kwa kinywa chake mpaka ukavimba ukakaza, akaubana kwa goti, na vali ya chini ikatoa hewa iliyozidi kwa mlio niliousikia wazi kabisa, kisha ikajifunga yenyewe. Mlio ule ndio ulionifanya ninunue. Nimeusikia mara elfu katika kazi yangu, na ulikuwa mlio wa vali nzima.

Nilimwambia pete za mabegani zimewekwa chini mno, akanijibu, "Hizo si utazisogeza, kaka? Wewe si fundi?" Nikamwambia mpira wa kushikia shingo za mitungi ni mwembamba, hauzidi milimita nne. "Mpira kila mtu hubadilisha, kaka." Nikamwambia mkanda wenyewe unaonekana laini. "Mkanda wa mita nne ni bei gani? Utabadilisha." Kila alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo aliponinasa. Sisi wenyewe huwaambia wanagenzi kwamba hakuna mikanda ya saidimaunti inayotoka kiwandani ikiwa tayari kwa mwili wako. Hata ile ya bei ghali hufumuliwa, hukatwa, hushonwa upya na kusogezwa sentimita hii na ile mpaka ikukae. Kwa hiyo kila kasoro niliyoiona kwa macho yangu aliigeuza kuwa kazi yangu ya kesho. Nilipoomba anionyeshe lebo iliyo ndani ya ganda la nje la mfuko, mtandao ukakatika, na aliporudi hewani alikuwa ameshaanza kuikunja mikanda, akisema yuko mteja wa Mombasa anayesubiri jibu. Nilimtumia shilingi 400,000 usiku uleule. Asubuhi akanitumia picha ya risiti ya mzigo uliopakiwa kwenye boti, nikammalizia 380,000.

Mzigo ulifika siku ya pili yake. Rangi ilikuwa ileile, ukataji uleule, ila nilipofungua gunia ilinijia harufu ya gundi, na pete zilikuwa nyepesi mkononi. Nilijiambia kwamba pete nazo hubadilishwa. Nikaupeleka mzigo kwa fundi anayetushonea matanga na maturubai, mzee ambaye hajawahi kuzamia na mtungi maishani mwake. Akaupitisha mkanda wa bega kati ya vidole viwili, akaukunja, akaniambia, "Huu mkanda wa begi." Nikamjibu kwamba nimeshanunua mwingine wa sentimita tano, mgumu, ashone tu. Akashona vizuri, kila kiungo kwa mraba wenye mkingamo ndani yake. Nami nikatoa ule mpira mwembamba nikaweka wa milimita nane, nikasogeza pete za mabegani juu kwa upana wa vidole vitatu, nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli kwa ajili ya kuzuia ncha za mikanda zisining'inie. Niliongeza shilingi 65,000 na jioni nzima. Kinachoniuma kuliko fedha ni kwamba kwa mikono yangu nilikivika kitu kibovu sura ya kitu kizuri, na mtu yeyote aliyekiona Ijumaa ile angeniambia hongera.

Jumamosi nilishuka nacho mahali penye mchanga, kina cha mita tano, pamoja na mwenzangu. Juu ya maji mfuko ulishika hewa. Chini nilibonyeza kitufe cha kuujaza hewa mara ya kwanza, ya pili, nikatulia vizuri nikiwa mlalo. Mara ya tatu nilisikia mchaniko kama wa shuka kuukuu, na mapovu yakapanda kutoka nyonga yangu ya kushoto kwa wingi kiasi kwamba sikumwona mwenzangu aliyekuwa mkono mmoja kutoka kwangu. Mshono wa mfuko ulikuwa umefunguka kwa urefu wa kiganja. Nikakaa mchangani kwa magoti, regulata, kifaa cha kupumulia, ikiwa kinywani, sina kitu cha kuniinua isipokuwa miguu yangu. Mtungi mmoja wa alumini wa lita 11 ukijazwa hadi shinikizo la baa 200 hubeba zaidi ya kilo 2 na nusu za hewa peke yake. Nilikuwa na miwili, na uzito huo wote wa mwanzo wa mzamo kazi ya kuubeba ni ya mfuko ule. Wanaoijua Leven Bank, ule mwamba wa chini ya bahari kaskazini mwa Nungwi, mkondo wake, na namna mwamba unavyoporomoka, wafikirie mshono huo ukifunguka kule, mzamiaji akiwa pembeni ya mwamba na chini yake hamna mchanga wa kupigia magoti.

Nyumbani nilifungua zipu ya ganda na kuutoa mfuko. Ulikuwa mwembamba kama wa kuwekea maji ya kunywa, kingo zake zimebandikwa kwa gundi badala ya kuunganishwa kwa joto, na springi ya vali ilikuwa imeanza kuota kutu baada ya kuingia majini mara moja tu. Nilisogeza sumaku ya spika mbovu karibu na pete zake, zikaruka zikaigandia. Stenilesi ya daraja la 316, ambayo alinitajia kwa jina, haishikwi na sumaku, au hushikwa kwa udhaifu mno. Hizi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa.

Nilipompigia alipokea, na jibu lake sijalisahau: "Kaka, umeikata mwenyewe, umeishona mwenyewe, sasa unaniambia nini?" Yaani yale marekebisho aliyonihimiza niyafanye ndiyo aliyoyashika kama kinga yake. Baada ya hapo akanifungia, na laini ile haipatikani mpaka leo.

Huyu si mtu wa kurudishiwa vitu na kusameheana. Anayekuuzia simu mbovu amekuibia fedha. Huyu anauza kifaa ambacho mtu atakitegemea akiwa chini ya maji, na anajua, kwa kuwa elimu aliyonionyesha ni ya mtu anayejua. Nimeripoti polisi, nimetuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, na nitaifuata kesi hii kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hata ikinigharimu kuliko nilichoibiwa. Nataka afungwe. Nataka ajulikane katika kila kituo cha uzamiaji kutoka Watamu hadi Mafia, na kama ni kweli ana cheti cha kuongoza wazamiaji kama alivyodai, waliompa wamnyang'anye. Jina alilojiitia siliandiki hapa, maana nimethibitisha ni la kijana mwingine asiyehusika, ambaye picha zake ziliibwa. Namba ya simu nitampa faragha yeyote anayeihitaji.

Dalili zilikuwepo, na ningeziona kama nisingekuwa nafikiria sindano na uzi. Lebo hakutaka kuionyesha. Haraka ilikuja pale tu nilipoiomba. Mfuko wa kwenye video ulikuwa mnene, unarudi kwenye umbo lake ukibonyezwa, na wa kwangu ulibaki na alama ya kidole. Ukipigiwa simu ya video, mtake aweke karatasi yenye jina lako juu ya mfuko na akuonyeshe namba ya mfululizo kwa karibu, kisha mzigo ukifika ulinganishe namba kabla ya kummalizia fedha. Usikate wala kushona chochote kabla ya kuujaza mfuko mpaka vali ya kutoa hewa iliyozidi ifunguke yenyewe, kuuacha usiku kucha, na kuuzamisha wote kwenye beseni ukitazama mapovu. Mikanda, pete, mipira na kulabu hubadilishwa, na mikanda ya bei nafuu inaweza kukufaa miaka mingi kwa kazi ya fundi mzuri. Mfuko wa hewa na vali yake si vitu vya kushonwa wala kubandikwa barazani. Kama huo ni mbovu, hujanunua kitu, hata mkanda ukiwa wa hariri.

Juzi mzamiaji mmoja wa Mafia alinitumia picha ya mikanda aliyonunua mwezi Mei kwa shilingi 700,000, ambayo kwa bahati alikuwa hajaingia nayo majini. Namba ya mfululizo iliyobandikwa ndani ya ganda lake na iliyo kwenye langu ni moja, tarakimu kwa tarakimu. Kama unayo mikanda iliyonunuliwa kwa njia hii tangu mwanzo wa mwaka, fungua zipu ya nyuma usiku huu, piga picha ya lebo, na unitumie pamoja na ujumbe wa malipo yako. Usizamie nayo. Mpelelezi ameniambia malalamiko ya watu watatu au wanne yakiwekwa pamoja yatakuwa na uzito kuliko langu peke yangu, na mpaka sasa tuko wawili.